Mita Mia Nne za Kwenda Chemchemi

Jumatatu, 19 Mei

Daftari hili nimepewa na Denis, afisa misitu wetu, kijana wa juzi mwenye viatu visivyojua vumbi. Kasema: "Mzee Maksi, wewe ndiye msimamizi wa saiti. Kila jioni andika kazi iliyofanyika, mita ngapi, na changamoto." Nikamuuliza, changamoto zote? Akasema zote. Haya. Kajitakia mwenyewe.

Mimi ni Maximilian, mtoto wa Litapunga, ila dunia inanijua kwa jina la Maksi Kongo. Nimekuwa utingo wa malori miaka kumi na mmoja. Lubumbashi nimelala, Ndola nimelala, Kalemie nimelala nikaibiwa viatu nikiwa nimevivaa. Shule niliachia darasa la sita, mwalimu alishindwa kwenda na spidi yangu. Barabara nazijua kuliko wanaozichora.

Kazi yenyewe ni hii. Kutoka geti la msitu wa hifadhi wa kijiji mpaka chemchemi ya Itunya ni mita mia nne. Inatakiwa njia ambayo mtu anayetembelea kiti cha magurudumu atafika majini mwenyewe, bila kusukumwa. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, wakubwa wa wilaya wanakuja kukagua. Mwenye kiti asipofika, mradi unafungwa na njia wanaachiwa ng'ombe.

Mwenye kiti tunaye. Ni Sikuzani, mwanamke fundi baiskeli wa pale njia panda, mtani wangu. Miguu yake iligoma akiwa na miaka miwili. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, na mikono yenyewe, usisalimiane nayo kama siku hiyo una kazi ya kushika jembe. Leo alikuja getini na kidumu cha njano cha lita tano kakifunga nyuma ya kiti. Kitupu. Kila akipita kwenye kishimo kinagonga chuma, go-go-go, unamsikia kabla hujamwona.

"Cha nini hicho, mtani?"

"Cha maji."

"Maji si unaletewa?"

"Ndiyo tatizo hilo. Nina miaka thelathini na minne, kila tone nililokunywa limechotwa na mtu mwingine. Mgeni akija kwangu namkaribisha kwa maji ya jirani. Marehemu mama alikuwa ananibeba mgongoni mpaka Itunya, nilipofika miaka saba nikawa mzito, ikaishia hapo. Nataka nichote mwenyewe, Maksi. Nisisukumwe, nisibebwe."

Nikapiga kifua mbele ya watu wote. "Tarehe kumi na tano Agosti utachota. Nikishindwa niiteni Maksi Kapu Tupu."

"Nitakuita jina baya kuliko hilo," akasema.

Mita: sifuri. Ila maneno yamekwenda mbali.

Jumanne, 20 Mei

Vijana sita, majembe matano. Wa sita kazi yake ni kusifia jembe la mwenzake. Mita 9.

Ijumaa, 23 Mei

Denis kaleta mchoro kwenye laptopu. Upana mita moja na nusu, mteremko wa pole pole, sawa. Lakini kila mita hamsini njia inavimba kama nyoka aliyemeza panya. Nikauliza huo ni ugonjwa gani. Akasema ni sehemu ya kupishana.

"Afisa," nikamwambia, "huku kwetu kupishana si tatizo. Mmoja anaingia kwenye majani, mwenzake anapita, wanasalimiana. Tumepishana hivyo tangu babu zetu hawajavaa suruali."

"Lakini mzee, mchoro unasema…"

"Mchoro haujawahi kupanda lori."

Akafunga laptopu. Alipoondoka nikazifuta zote kwenye nakala ya karatasi aliyoniachia, kwa mkaa. Nimeokoa siku kumi nzima. Wakati mwingine najiuliza hiki kijiji kingekuwa wapi bila mimi. Mita 31.

Jumatano, 28 Mei

Changarawe imekuja kutoka Mpanda mjini. Tumemwaga, tumesawazisha. Jua la jioni likiipiga inang'aa kama ile barabara ya mgodini kule Likasi. Nimewaambia vijana wapige picha na mimi nikiwa mbele. Kichwa changu kimekatwa. Mita 44.

Jumapili, 1 Juni

Misa. Nilikaa benchi la mbele makusudi. Padri hakutaja njia.

Jumanne, 10 Juni

Leo naandika na hasira, Denis, utanisamehe mwandiko.

Mita mia moja za mwanzo zinapita kando ya majaruba ya mpunga, hakuna miti, jua lote lako. Nimefika asubuhi nakuta maturubai. Maturubai kumi na mawili, yamefunika njia yangu kuanzia getini, na juu yake mpunga umeanikwa, na juu ya mpunga kuku, na pembeni wanawake wamekaa wanapiga soga kama wako kwao. Sehemu imesafishwa, imesawazishwa, ina jua: kwa mtu wa mpunga huo ni uwanja wa kuanikia ulioshushwa na Mungu. Nikafungua mdomo niwatimue. Kisha nikaona aliyekaa kwenye turubai la kwanza.

Bibi Pudensiana. Mama mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze, maana wewe Denis umekulia mjini. Kwetu mkwe ni mkwe. Simsemeshi, hanisemeshi. Usoni simwangalii. Hatuli sahani moja, hatunywi kikombe kimoja. Tukikutana njiani, mkwilima, yaani mimi niliyeoa, ndiye anayeingia porini, anageuza mgongo mpaka mama apite. Nimemwoa Marsela miaka tisa, sauti ya mama yake naijua ikiwa inaongea na watu wengine tu. Sasa niambie, mtu unayekatazwa hata kumsalimia, unamfukuzaje?

Pale getini kuna mti wa mninga. Nikausogelea, nikauambia kwa nguvu:

"Wewe mninga! Hii ni njia ya serikali, si uwanja wa kuanikia!"

Halafu kutoka kwenye maturubai sauti ikaujibu mninga, taratibu kabisa:

"Mninga, jua nalo ni la serikali?"

Wanawake wakaangua kicheko. Vijana wangu, wanaokula kwa jasho langu, nao wakacheka.

"Mninga! Kuna mtu mlemavu anahitaji kupita hapa!"

"Mninga, akija tutakunja. Na umwambie aliyemwaga haya mawe, sakafu gani inatoboa turubai?"

Nimesafiri nchi nne. Sijawahi kushindwa na mti. Mita: sifuri.

Jumatano, 11 Juni

Mpunga. Sifuri.

Alhamisi, 12 Juni

Mpunga. Nimeingia porini kumpisha mama mkwe mara sita, maana anaenda shambani na kurudi, na siku hizi haoni njia nyingine ila yangu. Mara ya nne palikuwa na upupu. Sifuri, na muwasho.

Jumamosi, 21 Juni

Bodaboda nao wamegundua njia, jioni maturubai yakishakunjwa wanaitumia kukwepa kona ya barabarani. Nikachimbia nguzo mbili za mpingo pale getini, pikipiki isipite. Kazi safi. Nikatuma mtu amwite Sikuzani aje aone.

Akaja, go-go-go, kidumu chake nyuma. Akafika kwenye nguzo. Akasimama. Akatazama nguzo, akatazama magurudumu yake, akanitazama mimi.

"Mtani, hizi umepima na nini?"

"Na toroli. Inapita na nafasi inabaki."

"Basi tarehe kumi na tano mtanipakia kwenye toroli."

Nguzo moja tukaing'oa. Jasho. Mpingo ukishauchimbia haukubali kuachika. Wanawake wakakunja maturubai, akaingia kwenye changarawe. Alizungusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na magurudumu yakazama kama kijiko kwenye uji. Hakukubali. Akaegemea mbele, mishipa ya shingo ikamtoka, akazungusha mpaka mnyororo ukakatika, tap! Mita nne na nusu kutoka getini. Nimepima.

Vijana wakakimbia kumsukuma. Akasema, "Subirini." Akakaa pale, katikati ya changarawe yangu inayong'aa, labda dakika tano. Sikuona utani usoni kwake. Kisha akasema, "Haya, sukumeni."

Akinipita akaniambia kwa sauti ndogo: "Umetengeneza barabara ya lori, Maksi. Mimi sina lori."

Mita: nne na nusu.

Jumatatu, 30 Juni

Tumejaza pipa maji, tunaliviringisha juu ya changarawe ishike. Inashika, tukigeuka inaachia. Nimesema tuweke saruji, Denis kasema saruji hapana, hapa ni hifadhi. Mpunga bado uko. Kuku sasa wananijua.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Vijana wote wamekwenda mjini. Nimefanya kazi peke yangu na pipa. Pipa limenishinda nguvu kwenye mteremko, limeingia porini lenyewe kama linampisha mkwe.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika hii nikiwa nimefunga mlango. Marsela anagonga, simfungulii.

Asubuhi Sikuzani alikuja kuona maendeleo. Kwa kiburi changu, ambacho kilinisaidia sana kule Kongo na huku hakijanisaidia hata siku moja, nikasema: "Sasa njia iko vizuri. Shida imebaki kwenye mikono yako, mtani, si kwenye njia."

Mikono yake! Nilisema hivyo kwa yule mwanamke!

Hakukasirika. Akajishusha kutoka kwenye kiti, akakaa chini ya mninga, akasema: "Panda wewe. Ila miguu nakufunga. Ukiikanyagisha chini kabla ya mita mia mbili, hilo jina la Injinia ulilojiandikia kwenye kofia unalifuta mbele ya watu."

"Funga."

Akanifunga kwa mpira wa tyubu, mafundo ya fundi baiskeli, yale ambayo ukivuta yanakaza. Wanawake wakakunja maturubai, nikaanza. Wallahi, na mimi ni Mkatoliki, mita ishirini za kwanza nilimwita kila mtakatifu ninayemjua, na wawili niliowabuni. Mikono inawaka, kiti kinakwenda upande, jiwe dogo kama punje ya mahindi linakuzuia kama ukuta. Mita hamsini vijana wamechoka kucheka wamebaki nyuma. Mita mia moja niko peke yangu, nimevuka majaruba, naingia kwenye ile sehemu tuliyokata kilima: kulia ukuta wa udongo, kushoto korongo. Mita mia na arobaini nikainua uso kupangusa jasho.

Bibi Pudensiana alikuwa mbele yangu, hatua kumi, anatoka shambani. Kichwani gunia la debe mbili za mpunga.

Alisimama. Nami nikasimama. Nikavua kofia nikafunika uso, ndiyo heshima pekee iliyobaki mikononi mwangu. Akawa anasubiri niingie porini, kama ilivyo siku zote. Nikavuta fundo, likakaza. Nikajaribu kurudi nyuma, gurudumu likazama. Nikatafuta pa kusogea hata nusu mita. Hapakuwepo. Nakumbuka wazi kabisa wapi pangekuwepo, maana nilipafuta mwenyewe kwa mkaa.

Jamani, kutosogea! Sijui niandikeje. Maisha yangu yote mtu akija mbele nasogea, nikitaka kupita napita, wala sijawahi kufikiri kwamba huo ni utajiri. Nilikaa pale nimefunikwa na kofia kama maiti, nanuka jasho, mbele ya mama aliyemzaa mke wangu, natamani ardhi ipasuke. Na Sikuzani huwa hivi kila siku. Sokoni, kanisani, msibani. Kila anapokwenda yeye ndiye jiwe katikati ya njia, na watu wanaruka majani wakimwambia pole.

Nikasikia mpunga ukichakarika ndani ya gunia. Anageuka. Mama wa miaka sabini na moja, goti lake la kushoto lina maji, alirudi kwa mguu njia ile ile aliyotoka, na debe mbili kichwani, mita sitini za kupanda, mpaka ukuta wa udongo ulipoisha. Kisha akaingia porini. Yeye! Akageuza mgongo, akanisubiri nipite.

Mkwe kampisha mkwilima. Huku kwetu mtu anaweza kuhama kijiji kwa jambo dogo kuliko hilo.

Sikupita. Nilipiga kelele mpaka vijana wakaja wakanifungua kwa kisu. Kofia nimeitupa korongoni, jina na kila kitu.

Ijumaa, 11 Julai

Sijaenda saiti.

Jumamosi, 12 Julai

Sikuzani kaja mpaka mlangoni. Nilitegemea anicheke, nikawa nimejiandaa na matusi mawili matatu ya kiutani.

"Nimetumwa," akasema. "Bibi Pudensiana anauliza, kwa nini fundi anajenga njia kwa mawe wakati ana vichuguu vyote hivi?"

"Vichuguu?"

"Anasema: udongo wa kichuguu, utwangwe, umwagiwe maji, upigwe na vibao, ufunikwe majani ukauke kivulini, upigwe tena, halafu upakwe mavi ya ng'ombe. Kama uwanja wa kupuria. Anasema sakafu ikishakuwa tayari inaita."

"Mwambie mimi nimejenga barabara Lubumbashi."

"Wewe ulikuwa utingo, mtani. Ulikuwa unapanga mawe nyuma ya tairi lori lisirudi nyuma."

Ni kweli. Lakini nilikuwa nayapanga vizuri.

Sikuzani alipoondoka, Marsela, ambaye siku mbili hajanisemesha, alichukua punje moja ya mpunga akaidondosha sakafuni kwetu. Ikaruka. Tik! Akasema: "Hiyo unayoilalia aliipiga mama tulipooana. Mwaka wa tisa haina ufa." Akachukua nyingine akatoka nayo, nikamfuata mpaka kwenye njia yangu. Akaidondosha kwenye changarawe. Ikapotea. Tuliitafuta wote wawili, hatukuiona.

Jumatatu, 14 Julai

Tumeanza kuzoa changarawe. Yote. Denis kapiga simu kuuliza mita ngapi. Nimemwambia sifuri kasoro mia mbili na arobaini. Kauliza kama mtandao ni mbaya.

Jumatano, 16 Julai

Niliyekuwa nafukuza ng'ombe, leo nawafuata nyuma na ndoo, nawaomba. Ukimhitaji ng'ombe, hana haja.

Jumatatu, 21 Julai

Wanawake kumi na wanne wanapiga sakafu, wamejipanga mistari miwili, vibao vinashuka pamoja, pa! pa! pa!, na wimbo juu yake. Wimbo wenyewe una mstari kuhusu mtu mmoja na kofia. Vijana wangu wanatwanga vichuguu. Yule wa sita sasa ana jembe.

Maagizo yanakuja hivi: mama mkwe anauambia mninga, mninga unamwambia Sikuzani, Sikuzani ananiambia mimi na matusi ya kuongezea. "Mninga, hapo maji yamezidi." "Mtani, hapo maji yamezidi, hata kichwani kwako." Nimeuliza, mvua zikija? Mninga umejibu kwamba kila mwaka baada ya masika wataipiga upya, kama wanavyopiga viwanja vyao, kwa sharti moja.

Sharti: zile sehemu za kupishana zirudi. Zote nane. Na ziwe pana mara mbili. Nusu ya kupishana, nusu ya kuanikia mpunga.

Nimezirudisha kwenye mchoro kwa mkono wangu. Mkaa haufutiki vizuri, Denis, utaona.

Jumamosi, 26 Julai

Mita 210 kwa jumla, na hizi ni mita za kweli. Nimetembea pekupeku juu yake. Mtu mzima nimetembea pekupeku, mbele, nyuma, bila sababu.

Leo nimepima urefu wa mkono wa Sikuzani kwa kamba akiwa amekaa kwenye kiti chake, kutoka begani mpaka vidoleni.

"Unanipimia sanda, mtani?"

"Nakupimia mfereji. Chemchemi iko chini, ukiinama utatumbukia tukose fundi. Naweka mwanzi maji yaje mpaka hapo mkono ulipo."

Akaangalia pembeni. Halafu akasema kamba yenyewe ni fupi, nisije nikaleta mambo ya toroli. Nimepima tena mara tatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Hakuna aliyekwenda mjini. Mita 371.

Jumatano, 13 Agosti

Mita 400. Denis kaja, kavua vile viatu getini bila kuambiwa. Nimemsamehe mambo mengi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wakubwa wa wilaya wametuma ujumbe. Kesho hawaji. Wana kikao. Watakuja mwezi wa tisa, "tarehe mtajulishwa".

Miezi mitatu! Nimekula upupu, nimefungwa na tyubu, nimekimbizana na makalio ya ng'ombe, nimevunjiana heshima na mkwe, kwa ajili ya tarehe kumi na tano, na wenyewe wana kikao! Nilikwenda mpaka njia panda kumwambia Sikuzani. Alikuwa anaziba pancha, hakuinua hata kichwa.

"Kwani wao ndio wenye kiu?" akasema.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya misa watu walikuja getini na nguo za sikukuu. Wanawake walikuwa wamekunja maturubai wenyewe, wamefagia njia yote. Sikuzani alifika, go-go-go, kilemba kipya, mnyororo umepakwa mafuta. Akasimama kwenye ile nguzo moja iliyobaki akatugeukia.

"Asinifuate mtu."

Denis akasema labda mtu mmoja tu, kwa usalama.

"Afisa, nimefuatwa miaka thelathini na minne."

Akaingia. Kwenye sakafu ile magurudumu hayakutoa sauti kabisa. Kidumu tu, go… go…, mara chache, kisha kikafifia, akakata kona ya kilima, basi.

Tukakaa. Nusu saa. Watu wakachoka, wakaanza kwenda kwenye pombe na pilau, maana sikukuu ni sikukuu. Denis kapigiwa simu kaondoka. Saa nzima. Nilibaki mimi nimeegemea mninga upande huu. Upande wa pili, amenipa mgongo, amekaa mama mkwe na ungo wake, anapepeta. Hatukupanga. Hakuna aliyetaka kuondoka, ndiyo hivyo.

Nilikuwa nawaza mwanzi. Je, kama kamba ilikuwa fupi kweli? Je, kama mfereji umeziba, amefika pale anayaangalia maji chini na hayafikii? Nikashindwa kuvumilia.

"Mninga," nikasema, sasa kwa sauti ya kawaida, "amechelewa. Niende?"

Ungo ukasimama.

"Mninga, mwache. Miaka ishirini na saba hajayaona yale maji. Na wewe ungekaa."

Akaendelea kupepeta. Baadaye kidogo akaongeza, "Mninga, njia imekaa vizuri." Nikatazama matawi kwa muda mrefu sana, kulikuwa na kitu kimeniingia jichoni, makapi ya mpunga nadhani.

Sikumsikia akirudi. Hilo ndilo lililonishtua. Nilikuwa nimetega masikio nisikie go-go-go, kama miezi yote hii mitatu, na hapakuwa na go-go-go. Magurudumu yaliteleza tu kwenye sakafu, akatokea kwenye kona ya majaruba, anazungusha pole pole kama mtu mwenye mzigo, na kidumu nyuma kimya kabisa. Kimejaa. Mikono ya gauni imelowa mpaka kwenye viwiko.

Alisimama kwenye sehemu ya kupishana ya kwanza, ile ya karibu na mninga, akakifungua kidumu, akatoa kikombe cha bati kwenye mfuko wa kiti. Kikombe kimoja, hakuwa amefikiria zaidi ya hapo. Akamimina, maji yakamwagikia mapajani. Akamwita mkubwa kwanza.

"Karibu maji, bibi."

Bibi Pudensiana akapokea kwa mikono miwili. Akanywa nusu. Nikageuza uso, maana mkwe akinywa hatazamwi, na nikajua kikombe kile mimi hakinihusu tena, nitasubiri nikanywee kwa viganja.

Nikasikia ndala zake zikija upande wangu wa mti. Bati likagusa udongo, tik, kama punje.

"Mninga," akasema, "nawe umesimama juani. Kunywa."

Akarudi kwenye ungo wake akanipa mgongo. Sikuzani akawa anafunga mfuniko wa kidumu. Nikaokota kikombe. Nikanywa mpaka mwisho.

Mita: 400. Changamoto: kikombe kilikuwa kimoja.